Kuendesha pikapu ya mazutu ikiwa na mafuta kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa Bukavu

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wenye pikapu na madereva wao wanaofika garajini, wengi wao wakiwa tayari wamevutwa kwa kamba. Majibu yanahusu hasa aina mbili za magari yanayoonekana kila siku katika barabara za Kivu ya Kusini: Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo pampu yake ya sindano, yaani ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye silinda, ni ya kimekanika tupu. Na Hilux za miaka ya karibuni zenye mfumo wa komoni-reli, yaani bomba moja nene linalohifadhi mafuta kwa shinikizo kubwa na kuyagawa kwa injekta zote, yaani vichwa vinavyonyunyizia mafuta ndani ya silinda.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Kwetu mazutu ni dizeli, na esanse ndiyo mafuta ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayaita petroli. Neno petroli hapa Bukavu ni mafuta ya taa. Mgeni anayesimama kando ya njia na kuomba petroli atapewa mafuta ya taa, wala muuzaji hatakuwa amekosea.

Je, ni kweli kwamba injini ya mazutu haipaswi kuishiwa mafuta hata mara moja?

Ni kweli, ingawa uzito wa jambo hili hautoshani kwa kila gari. Gari la esanse likiisha mafuta, unamimina lita chache, unazungusha ufunguo, na safari inaendelea. Gari la mazutu likiisha mafuta, hewa inaingia katika mabomba, katika chujio ambalo magarajini tunaliita filtri, na hatimaye ndani ya pampu ya sindano. Kimiminika hakibanwi, lakini hewa inabanwa. Hivyo pampu inapojaribu kusukuma povu, nguvu yake yote inaishia kuibana ile hewa, shinikizo halifiki kiwango cha kufungua injekta, na injini inazunguka bure bila kuwaka.

Kwenye 1HZ, hasara kwa kawaida ni muda uliopotea, mikono michafu na betri iliyochoka. Kwenye komoni-reli hali ni nyingine kabisa. Mfumo huo unafanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufika baa 1,600 na zaidi, wakati tairi ya pikapu yako inabeba baa 2 au 3 tu, na vyuma vya ndani ya pampu vimekaribiana kiasi kwamba kitu pekee kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa mazutu yenyewe. Pampu hiyo haina mafuta mengine ya kuilainisha. Ikizunguka kavu, chuma kinasugua chuma, na vumbi la chuma linalotokea halibaki pale pale: linasafiri hadi kwenye reli, linaingia katika injekta ambazo matundu yake yanakaribia wembamba wa unywele, na sehemu yake inarudi tangini kupitia bomba la kurudishia. Fundi mwaminifu anayekuta vumbi hilo hawezi kubadilisha pampu peke yake. Lazima aangalie reli, injekta, mabomba na tangi, na mwenye gari analipia vyote.

Si kila Hilux iliyoishiwa mafuta inaharibika namna hiyo. Nyingi huwaka tena zikitolewa hewa vizuri. Lakini uharibifu wa aina hii hujilimbikiza, na mwenye gari hujua siku ambayo umekwisha kukamilika.

Mimi siruhusu mafuta yaishe kabisa, ila natembea siku zote geji ikiwa kwenye nyekundu. Kuna tatizo gani?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwenye pikapu wa mji huu aliulize mapema, kwa sababu wanaotembea kwenye nyekundu ni wengi kuliko wanaoishiwa.

Tatizo la kwanza ni joto. Pampu huvuta mazutu mengi kuliko yale yanayochomwa. Yaliyobaki hurudi tangini yakiwa yamepata moto kutoka kwenye pampu na injini. Tangi likiwa na lita 50, moto huo unapotea ndani ya wingi wa mafuta na katika kuta za tangi. Likiwa na lita 6, mafuta yale yale yanazunguka na kurudi bila kupata nafasi ya kupoa, na kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyokuwa mepesi na kupoteza uwezo wa kulainisha. Dereva anaweza kuona gari limelegea katika mpando mrefu na kudhani filtri imeziba.

Tatizo la pili ni mwinuko. Bomba la kuvutia mafuta limewekwa sehemu moja ya tangi, karibu na chini. Barabara ikiwa tambarare, lita 6 zinatosha kulifunika. Lakini Bukavu haina barabara nyingi tambarare. Gari linapopanda, mafuta yanakimbilia nyuma. Linaposhuka, yanakimbilia mbele. Na kwenye kona kali yanapanda ubavu mmoja wa tangi. Kila bomba linapobaki wazi, hata kwa sekunde moja, linavuta hewa. Nakumbuka mteja mmoja kutoka Bagira aliyeegesha Hilux usiku kwenye njia ya mpando mbele ya nyumba yake, sindano ya geji ikiwa imegusa nyekundu. Jioni gari lilifika vizuri. Asubuhi liliwaka, likatembea mita chache, likazimika. Mazutu yalikuwemo tangini, ila yalikuwa yamelala upande ambao bomba halifiki.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kwangu, nalo si la chuma. Taa ya mafuta ikiwaka, unapoteza uwezo wa kuchagua. Huchagui tena kituo unachokiamini, bali unanunua kwa yeyote uliyemkuta. Huchagui mahali pa kusimama, wala saa, wala fundi. Magari mengi yaliyoharibika mikononi mwangu hayakuharibiwa na ukosefu wa mafuta wenyewe, bali na uamuzi uliofanywa kwa haraka baada ya mafuta kukosekana: bidoni, yaani dumu, lisilojulikana, mdomo wa kienyeji wa kumiminia uliotengenezwa kwa chupa iliyokatwa, kijana aliyeambiwa afungue nati asizozijua.

Nimesikia kwamba mafuta yakiwa kidogo, gari linavuta uchafu wa chini ya tangi. Ni kweli?

Ni nusu ya ukweli. Bomba huvuta kutoka chini siku zote, tangi likiwa limejaa au halijajaa, kwa hiyo uchafu ulio karibu nalo umekuwa ukivutwa tangu zamani na filtri imekuwa ikiukamata. Kinachobadilika ni kwamba mafuta machache yanasukwasukwa zaidi kwenye mashimo, na takataka zilizokuwa zimelala zinaamka na kuelea ndani ya lita chache badala ya lita nyingi. Gari ambalo tangi lake ni safi halitaona tofauti kubwa. Gari lililolishwa miaka kumi kwa mabidoni ya kando ya njia litaona.

Na maji je? Yanaingiaje tangini wakati kifuniko kimefungwa?

Yanaingia kama hewa. Tangi lazima livute hewa ili kujaza nafasi ya mafuta yaliyotumika, na hewa ya Bukavu, hasa katika miezi ya mvua kuanzia Septemba hadi Mei, imebeba unyevu mwingi. Usiku kuta za tangi zinapopoa, unyevu huo unageuka kuwa matone kwenye sehemu tupu ya kuta na kuteremka chini. Tangi lililojaa lina ukuta mdogo ulio wazi. Tangi tupu lina ukuta mkubwa. Tone moja si kitu. Usiku mia moja wa matone ni jambo lingine.

Mazutu ni mepesi kuliko maji, kwani lita moja ina uzito wa takriban gramu 840, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, pale pale bomba linapovuta. Yakipita filtri, yanaleta kutu katika pampu na injekta. Yakibaki tangini, vijidudu vya bakteria na kuvu huota pale maji yanapokutana na mazutu, na kutengeneza ute mweusi unaoziba filtri mpya ndani ya siku chache. Pikapu nyingi zina kikombe cha kutenganisha maji chini ya filtri, chenye skrubu ya kufungulia, na nyingine zina taa ya onyo kwenye tablo, yaani dashibodi. Fungua skrubu hiyo angalau kila mwezi wakati wa mvua, ukikinga kwa chupa nyeupe, mpaka yatoke mazutu matupu. Kazi yote ni dakika tano.

Taa ya mafuta ikiwaka, nimebakiwa na kilomita ngapi?

Usitegemee jibu la mtu mwingine, hata langu. Geji inafanya kazi kwa boya linaloelea ndani ya tangi, na boya hilo linainama pamoja na barabara. Tena watengenezaji hawakuweka taa kwenye kiwango kimoja kwa magari yote, na gari la miaka kumi na tano lililobadilishwa tangi au boya halilingani na kitabu chake. Njia ya uhakika ni kulipima gari lako mwenyewe: siku taa inapowaka mahali tambarare, karibu na kituo, jaza tangi mpaka juu na uandike ni lita ngapi zimeingia. Ukitoa idadi hiyo katika ujazo kamili wa tangi, unapata akiba halisi. Andika namba hiyo ndani ya kifuniko cha sanduku la mbele, ili dereva mwingine naye aione.

Je, kuteremka bila gia kunaokoa mafuta?

Hapana, na kwenye mteremko wetu ni hatari. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye kanyagio, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na mfumo wa sindano unakata mazutu karibu kabisa. Gari likiwa kwenye pwamo, au fri kama wengine wanavyosema, injini lazima ijilishe yenyewe ili isizimike. Kwa hiyo anayeteremka bila gia anatumia mazutu zaidi kuliko mwenzake aliye kwenye gia ya tatu, na breki zake zinabeba mzigo wote peke yake.

Gari likizimika kwa kukosa mafuta katikati ya mteremko wa Ngomo, nifanye nini?

Wanaoifahamu barabara ya Bukavu kwenda Uvira kupitia Nyangezi na Kamanyola wanajua kwa nini swali hili linauliza juu ya Ngomo na si mahali pengine. Barabara inatoka karibu na Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuishia karibu na Tanganyika, chini ya mita 800, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inashukwa katika kona za mlima huo, bonde likiwa upande mmoja na malori yakipanda kwa upande wa pili.

Injini ikizimika, breki bado zipo, lakini msaada wake unakwisha haraka. Nguvu inayolainisha kanyagio la breki katika pikapu hizi hutoka kwenye pampu ya kunyonya hewa inayozungushwa na injini. Injini ikisimama, inabaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito.

Kwa hiyo usikanyage klachi wala usitoe gia. Maadamu gari liko kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuzungusha injini, injini inalizuia gari, na pampu za breki na usukani zinaendelea kufanya kazi hata bila tone la mazutu. Ni kweli kwamba wakati huo pampu ya sindano inazunguka ikiwa kavu, na nimeeleza hapo juu madhara yake. Iache iharibike. Pampu inauzwa; aliyeketi karibu nawe hauzwi. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu iliyo sawa, bila kupampu. Usirudishe ufunguo hadi mwisho wa kuzima, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Elekea upande wa mlima, si upande wa bonde, na ukisimama vuta breki ya mkono, weka gia ya kurudi nyuma, na weka mawe kwenye magurudumu kabla mtu yeyote hajaingia chini ya gari. Tandaza matawi ya miti barabarani mbele na nyuma, mbali kiasi kwamba lori lenye mzigo linaweza kusimama.

Kwenye mpando mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu injini ikizimika gari linataka kurudi nyuma, na akiba ya breki ni ile ile ndogo. Hapo konvoyeri, yaani msaidizi wa dereva, mwenye kabari ya mbao mkononi anaweza kuokoa gari zima. Gari lenye abiria nyuma na mafuta ya wasiwasi halipaswi kabisa kuanza kupanda.

Mafuta yameisha na nimepata mengine. Nilitoeje hewa gari langu?

Mimina kwanza mafuta ya kutosha, angalau lita 10, na zaidi kama gari limesimama kwenye mwinuko, kwa sababu lita 2 zilizomiminwa upande usiofaa wa tangi hazilifikii bomba. Wengi hukosea hapa kabla hata ya kushika spana.

Juu ya filtri ya Toyota nyingi kuna kitufe kikubwa cha kusukuma kwa kiganja. Kisukume taratibu, tena na tena, mpaka uhisi kimekuwa kigumu. Kwenye 1HZ unaweza kulegeza kidogo skrubu ya hewa iliyo kwenye filtri au pampu, ukaendelea kusukuma mpaka mapovu yaishe na yatoke mazutu yaliyoshikana, kisha ukaikaza huku bado unasukuma. Kama bado haiwaki, nati za mabomba ya injekta mbili au tatu zinaweza kulegezwa nusu mzunguko huku mwenzako akizungusha stata, mpaka mazutu yaruke, kisha zikazwe. Futa yaliyomwagika kabla ya kuwasha.

Njia hiyo ya mwisho ni marufuku kwenye komoni-reli. Nimeona vijana hodari waliojifunza kazi kwenye injini za zamani wakitaka kuifanya kwenye Hilux mpya kwa sababu ndiyo waliyofundishwa. Mazutu yanayotoka kwa shinikizo la namna hiyo yanapenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo, kama la mwiba, na saa chache baadaye kidole au mkono unaweza kuanza kuoza kutoka ndani. Mtu aliyepigwa hivyo lazima apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo akaonwe na daktari wa upasuaji, hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mazutu ya shinikizo. Kwenye komoni-reli utasukuma kitufe cha mkono, au, kama gari lina pampu ya umeme tangini, utafungua ufunguo bila kuwasha, usubiri, ufunge, na kurudia mara kadhaa. Ikishindikana, vuta gari hadi kwa fundi mwenye mashine ya kulisoma.

Na stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mara moja, kisha ipumzike dakika nzima. Kusukuma gari au kulivuta kwa lori ili liwake likiwa na hewa ndani hakusaidii kitu. Kunaiongezea tu pampu mizunguko ya ukavu.

Je, mazutu ya kadhafi yanafaa?

Siwalaumu kadhafi, wauzaji wa kando ya njia wenye mabidoni na chupa. Mafuta yetu ya mashariki mwa Kongo huja kwa magari ya tangi kutoka bandari za mbali za Mombasa na Dar es Salaam, na njia hiyo ikikatika au vituo vikifungwa, kadhafi ndiye anayebaki. Lakini mafuta yake yamemiminwa kutoka chombo hadi chombo mara nyingi, chini ya mvua na vumbi, na mnunuzi hajui yalianzia wapi.

Omba kuyaona ndani ya chupa nyeupe, uiache imesimama dakika kadhaa. Mazutu mazuri yanang'aa na kupitisha mwanga. Yakiwa na ukungu, yana maji. Ukiona mpaka kati ya tabaka mbili, maji ni mengi. Mchanga utaonekana chini. Mchanganyiko wa mafuta ya taa hauonekani kwa macho kirahisi, ila harufu ni kali zaidi na kati ya vidole mafuta ni makavu. Injini ya 1HZ inaweza kuvumilia kiasi kidogo cha mafuta ya taa. Pampu ya komoni-reli inanyang'anywa ulainisho wake. Kitambaa unachoweka mdomoni mwa tangi kinazuia majani na mchanga mkubwa, lakini maji yanapita. Liache bidoni litulie, mimina polepole, na robo lita ya mwisho isiingie.

Kwa haraka nimetiwa esanse badala ya mazutu. Nifanye nini?

Usifungue hata ufunguo, kwa sababu pampu ya tangini inaweza kuanza kusukuma. Toa mafuta yote. Kama injini imeshawaka, izime mara moja pale ulipo na usijaribu kufika nyumbani. Kuongeza mazutu juu ili kupunguza ukali ni ushauri wa zamani usiofaa kwa injini mpya. Kumbuka pia kwamba mchanganyiko huo unashika moto kwa urahisi karibu kama esanse, kwa hiyo sigara, makaa na simu ya tochi iliyopasuka vikae mbali.

Nibebe bidoni la akiba?

Ndiyo, kwa safari ya mbali. Bidoni la njano la lita 20 likiwa na mazutu lina uzito wa karibu kilo 17. Mengi ya mabidoni hayo yalikuwa ya mafuta ya kupikia, kwa hiyo lisafishwe na kukaushwa juani mpaka lisiwe na tone la maji. Usilijaze hadi mdomoni, kwa kuwa mafuta yanavimba kwa joto. Lifunge nyuma kwa kamba, wima, kivulini, kamwe lisikae ndani ya kabini pamoja na watu. Mazutu hayalipuki kama esanse, lakini yakinyunyizika juu ya ekzosi yenye moto yanawaka vizuri sana.

Naweza kunyonya mazutu kwa mpira na mdomo kutoka gari jingine?

Usifanye hivyo. Mazutu yakiteleza kuelekea mapafuni, hata kiasi cha kijiko, yanaleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni, apelekwe hospitalini. Pampu ndogo ya mkono ya plastiki inafanya kazi hiyo hiyo.

Nianze safari ya Kamituga na lita ngapi?

Umbali ni takriban kilomita 180 kwa barabara ya Burhale na Mwenga, lakini umbali si kipimo kizuri cha barabara hiyo. Kama gari lako linatumia lita 13 kwa kilomita 100 kwenye lami, mimi huhesabu mara mbili kwa matope, gari likiwa na mzigo na gia za chini za magurudumu manne. Hiyo ni kama lita 47. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kusubiri lori lililokwama mbele yako huku injini ikiwaka, na utafika lita 62. Hesabu ya kurudi ni nyingine.

Sina fedha za kujaza tangi. Nanunua lita 10 kila asubuhi kwa sababu ndizo ninazozipata.

Nalielewa jambo hili, maana ndivyo watu wengi wanavyoishi, na sitamwambia mtu ajaze tangi kwa fedha asiyo nayo. Hata hivyo tuangalie hesabu kwa utulivu. Mtu anayetumia lita 10 kwa siku, akitembea kati ya lita 0 na 10, ananunua lita 10 kila siku. Anayetembea kati ya lita 40 na 50 naye ananunua lita 10 kila siku. Gharama yao ya kila siku ni moja. Tofauti yao ni zile lita 40 za chini, ambazo zilinunuliwa mara moja tu na hazijapotea. Zimelala tangini kama akiba. Ukiongeza lita 2 juu ya zile 10 kila siku ya kazi, ndani ya siku 20 umefika. Ukishafika, ihesabu robo ya tangi kuwa ndiyo sifuri yako.

Wengine wananijibu kwamba tangi likiwa na mafuta, wezi watanyonya usiku. Ni hoja ya kweli, hasa kwa wanaolaza magari kando ya barabara. Kifuniko chenye kufuli na wavu wa chuma ndani ya mdomo wa tangi ni rahisi kuliko injekta moja, na fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza kinga kwenye skrubu ya chini ya tangi, ambayo wezi wanaijua vizuri.

Gari limeishiwa mafuta, limetolewa hewa, na sasa linatembea. Kazi imekwisha?

Bado. Badilisha filtri ndani ya juma hilo, kwa sababu imepokea kila kilichokuwa chini ya tangi. Ikate ile ya zamani kwa msumeno na uikunjue karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, mahali penye jua. Vumbi jeusi na ute ni uchafu wa kawaida wa tangi, na dawa yake ni kuliosha. Chembe zinazometameta kama unga wa fedha ni chuma. Ukiziona, usiwashe tena hilo gari.